Yale Mliyoandika Yako Wapi?

Nilikwenda Kigombe, kijiji cha wavuvi pwani ya Tanga, kwenye arobaini ya shangazi ya mume wangu, sikwenda kwa kazi. Asubuhi kabla ya khitma nikashuka diko kutafuta samaki. Maji yalikuwa yametoka, vyombo vimelala ubavu, na chini ya mkungu Nahodha alikuwa amekaa juu ya dumu, jarife mapajani, sindano ya nyavu mkononi.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Wewe si ndiye yule binti wa madodoso?"

Ndiye mimi. Miaka minane nyuma nilikaa pale wiki tano nikikusanya data za mradi wa chuo fulani. Nilimuuliza Nahodha maswali sitini na mbili. Anatega wapi, kina gani, msimu gani, amewahi kumnasa silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, mara ngapi, alimfanya nini. Alijibu yote, na siku ya pili akanipakia kwenye mashua anionyeshe asichoweza kukieleza kwa mdomo. Mwisho nikampa soda na fulana, nikamwambia tutarudi na matokeo.

"Yale mliyoandika yako wapi?"

Nikamwambia yamechapishwa. Kwenye jarida, nje. Akauliza kama anaweza kuyaona, nami nikatoa simu kwa furaha kabisa, maana jina la makala nalijua kwa moyo. Ukurasa ukafunguka: kichwa cha habari, majina ya wakubwa zangu, ikisiri ya mistari kumi na miwili. Chini yake, kisanduku chenye bei. Dola 39 na senti zake.

Nahodha alikuwa amesogea kuchungulia. Kiingereza hasomi, lakini alama ya dola anaijua.

"Hiyo bei ya nini?"

"Ya kusoma, Nahodha."

"Nilipe ndiyo nisome maneno yangu mwenyewe?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa utaratibu, akangoja. Nilipokosa la kujibu akarudi kwenye tundu la jarife lake.

Hiyo ni wiki ya sita sasa, na swali bado ninalo.

Samaki alikwenda, katazo likarudi

Sitawaeleza kwa kirefu silikanti ni samaki gani. Anayesafiri kati ya Tanga na Pangani anamjua, hata kama ni kwa kibao cha hifadhi tu. Ninachotaka ni kufuata njia ambayo habari zake zimepita.

Mwaka 1938 silikanti mmoja alinaswa Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya mji wa East London, akaona kwamba yule si samaki wa kila siku. Mwaka uliofuata J. L. B. Smith akamtangaza katika jarida la Nature, na wataalamu waliokuwa wakiamini kwamba jamii hiyo ilitoweka pamoja na dinosauria wakapigwa na butwaa. Huku kwetu, miaka ya 2000, majarife ya papa yakaanza kumtoa kilindini mbele ya vijiji vyetu. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Tanzania wakaonyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lenye nasaba yake, mbali na wale wa Komoro. Mwaka 2013 jenomu yake, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, ikachapishwa, na makala ile, kwa heri yake, iliachwa wazi tangu siku ya kwanza: mwenye bando aliweza kuipakua.

Kila hatua ina makala yake, lakini diko lilifikiwa na nini?

"Tuliambiwa tusitege jarife kilindini," Nahodha alinieleza mwaka ule wa madodoso. "Nikauliza kwa nini. Wakasema kitaalamu."

Neno hilo nililiandika kwenye daftari bila kulifikiria. Nililisoma upya juzi nikaona uzito wake. Katazo lilifika Kigombe na sababu zikabaki kwenye karatasi zilizofungiwa mahali pengine. Mtu anayeacha jarife la kina kirefu anaacha mlo wa watoto wake. Akidai kusoma hoja zilizomwachisha, hajadai makubwa.

Tanga watu huiita Waja Leo. Sikuwahi kufikiri jina lile lingenihusu mimi, mzaliwa wa Ngamiani, lakini kwa Nahodha nilikuwa mmoja wao: nilikuja na karatasi, nikaondoka na karatasi.

Nywila

Enzi za mradi sikuwahi kuona kisanduku cha bei. Chuo kilichotuajiri kilikuwa kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. Mlango wake wa kwanza, Hinari, ulifunguliwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji. Wa kilimo, Agora, ukafuata mwaka 2003. Mimi nilibonyeza tu, makala ikafunguka. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Mkataba wangu uliisha siku ya Ijumaa. Jumatatu nywila ikakataa.

Siubezi mpango ule. Nimejifunza mengi kupitia kwake, na nawajua madaktari waliomaliza shahada zao kwa sababu yake. Ila umejengwa kwa ajili ya taasisi, kwa hiyo anayetambuliwa mlangoni ni mwajiri wako, na wewe unapita ukiwa umeshika upindo wa nguo yake. Mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya kata hana wa kumshika. Wala mtu wa kikundi cha ulinzi wa fukwe, wala mimi, ambaye siku hizi nauza vitabu vya shule na madaftari Makorora. Akili yangu ya Ijumaa na ya Jumatatu ilikuwa ileile.

Nikampigia mkubwa wangu

Nilijiandaa kumlaumu, nakiri. Nilikuwa nimeandika na maneno kabisa. Alipopokea nikamweleza habari ya Nahodha, nikamuuliza: kwa nini ulichagua jarida lililofungwa?

Alikaa kimya, kisha akaanza kunihesabia.

Makala yetu ilikuwa tayari mwaka 2021. Jarida huria alilolitaka, zuri, la fani yetu, lilidai zaidi ya dola 2,000 kutoka kwa mwandishi ili msomaji asilipe kitu. Hivi ndivyo sehemu kubwa ya uchapishaji huria ilivyogeuka: bei haikufutwa, imehamishwa kutoka mlango wa msomaji kwenda mlango wa mwandishi. Nature, lilelile lililomtangaza silikanti, lilipotangaza mwishoni mwa 2020 gharama ya kuiacha makala wazi, lilitaja euro 9,500. Kwa makala moja.

"Si wanatusamehe?" nikauliza.

Husamehe. Lakini Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania hadi kipato cha kati cha chini. Nakumbuka tulivyoshangilia, nami nikiwamo. Kwa wachapishaji wanaofuata madaraja yale, kupanda ngazi moja kunaweza kumtoa mwandishi kwenye msamaha kamili na kumwingiza kwenye punguzo. Na nusu ya dola 2,000 ni dola 1,000 bado.

"Fedha za mradi zilikuwa zimekwisha," akasema. "Ningetoa mshahara? Lile lililofungwa halikunidai hata senti."

Karatasi yangu ya lawama nikaikunja.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii. Mkataba wake na mchapishaji unamruhusu, ikipita miezi 12, kuweka kwenye hazina ya machapisho ya chuo nakala yake mwenyewe, ile iliyokwisha kupita kwa wahakiki na kukubaliwa, kabla mchapishaji hajaipanga kurasa. Bure. Halali. Miezi 12 ilikwisha zamani.

"Mbona hukuiweka?"

"Hakuna aliyewahi kuniomba."

Nilitaka kukasirika tena, nikashindwa, kwa sababu mimi pia sikumwomba. Miaka yote nilikuwa na namba yake ya simu. Njia hii si siri wala si ujanja: Azimio la Budapest la Februari 2002, lililohusu uchapishaji huria, liliitaja wazi kuwa njia ya kwanza kabisa, mwandishi kuweka nakala yake kwenye hazina iliyo wazi, na majarida huria likayataja kama njia ya pili. Katika kelele za dola na euro tumeishikilia ya pili, tena kwa sura yake ya gharama kubwa, tukaisahau ile ambayo mtafiti wa Tanzania anaweza kuifuata kesho asubuhi kabla ya chai.

Usiku ule akanitumia faili. Kurasa 31.

Binamu yangu hakuelewa nalalamika nini

Binamu anafundisha Kiswahili Korogwe. Nilipomsimulia akashangaa kweli. "Mbona sisi tunasoma tu?"

Akanionyesha simu yake. Makala za jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala za Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani na kusomwa bure na mtu yeyote. Majarida ya bara letu yaliyokusanywa kwenye tovuti ya AJOL, inayofanya kazi hiyo tangu 1998 na ambayo sasa makao yake yako Afrika Kusini. Anapofundisha habari za Shaaban Robert, ambaye kijiji alichozaliwa mwaka 1909, Vibambani, kipo hukuhuku kwetu Tanga, anawapa wanafunzi wa kidato cha sita uchambuzi wa wasomi waupakue wenyewe. Hajawahi kuombwa dola.

Niliona wivu, halafu nikaona jambo lenye uzito zaidi ya wivu. Azimio la Berlin, Oktoba 2003, nalo la kutaka maandishi ya kitaaluma yawe wazi, lilizitaja sayansi na taaluma za binadamu pamoja, kana kwamba zinasafiri kwenye chombo kimoja. Kwetu hazisafiri hivyo. Wanafasihi wa Kiswahili, kwa bajeti ndogo mno, wamewafikishia wasomaji wao maandishi yaliyo wazi na yaliyo katika lugha ya msomaji. Wanabaiolojia wenye miradi ya mamilioni wanatupa makala za Kiingereza, wazi au zimefungwa, na kwa Nahodha tofauti ya hizo mbili ni ndogo. Ile jenomu ya 2013 ni bure. Amwendee nani aisome?

Kwa hiyo kabla ya kurudi Kigombe nilikaa jioni nne nikiziweka zile kurasa 31 kwa Kiswahili. Si zote, ikisiri, matokeo, na mapendekezo yote. Nilipofika kwenye sehemu ya mbinu nikaikuta sentensi yangu mwenyewe, ile ya mashua, imeandikwa "mahojiano yalithibitishwa kwa ziara za baharini". Nahodha aliyenibeba, kelele za mashine, mkono wake ulionyooka kuelekeza kilima cha nchi kavu ili anipe alama ya mwamba, vyote vimeingia katika maneno sita. Nikasita pale muda mrefu.

Ramani

Nilirudi Jumamosi, na haisi ya Pangani ikanishusha saa tatu. Nilimsomea chini ya mkungu uleule. Walikuwepo vijana wanne na mzee mwingine. Walisikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuiona kwenye ukumbi wowote wa mkutano. Mara mbili Nahodha alinisimamisha. Mara ya kwanza kusahihisha msimu: tuliandika kusi pale alipokuwa amesema mwanzo wa kaskazi, kosa letu, pengine langu. Mara ya pili alipoiona karatasi ya ramani.

Ramani ina nukta nyeusi kumi na moja. Kila nukta ni mahali wavuvi waliposema silikanti hunaswa.

Akaweka kidole kwenye moja. Hakuhitaji kusoma.

"Huu ni mwamba wa baba yangu."

Kimya.

"Wanaoweza kuiona hii ni wangapi?"

Nikamjibu ukweli: kwa sasa wachache, kwa sababu imefungwa. Na mimi ndiye niliyekuja kumwambia kwamba nataka ifunguliwe.

Hapo ndipo imani yangu ilipotikisika. Tulipomhoji tuliahidi kutotaja jina lake, na hatukulitaja. Lakini mvuvi akikuonyesha mwamba amekuonyesha zaidi ya jina. Mashua za mbali zinaweza kuzifuata zile nukta. Anayemtaka silikanti kwa kumuuza magendo anaweza kuzifuata. Kisanduku cha bei nilichokichukia kilikuwa, bila mtu kukusudia, kimeulinda mwamba wa baba yake.

Milima ya Usambara inaonekana kutoka baharini siku ya hewa safi, na nilikuwa nikiifikiria njia nzima ya kurudi. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka kwao lile ua dogo la zambarau mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu karibu kila nchi yenye madirisha ya vioo. Ujuzi juu yake ulienea kwa uhuru kabisa. Waliokuwa wakipita kando yake kila siku milimani hawakuulizwa kitu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana kwa haki faida zitokanazo na viumbe, iliandikwa kwa sababu ya mambo ya namna hii, ingawa kwa ua lile ilikuwa imechelewa karne nzima.

Basi, je, nirudi nyuma? Nilijiuliza kwa siku tatu, na sitarudi. Kufunga makala nzima kwa ajili ya nukta kumi na moja ni kama kufunga msikiti kwa sababu mtu mmoja ameibiwa viatu. Sababu za katazo lazima zifike diko. Mambo ya nasaba, ya kina, ya msimu uliosahihishwa, yawe wazi kwa kila mtu. Nukta ni jambo jingine. Wanaotunza data za viumbe adimu wana desturi ya kufifisha mahali hasa, ramani ikaonyesha eneo pana badala ya mwamba. GBIF, mtandao mkubwa wa data za viumbe, una miongozo yake juu ya hilo. Tungeweza kufanya hivyo tangu mwanzo. Kilichotakiwa ni kumuuliza Nahodha swali la sitini na tatu.

Nimemwandikia mkubwa wangu: weka nakala kwenye hazina, ramani ififishwe, msimu usahihishwe kwa maelezo ya chini. Amejibu kwamba ramani ya nakala yake anaweza kuibadilisha. Ile ya jaridani haiondoki tena. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma.

Miaka mitano

Siku ile ya kusoma sikumaliza na makala yetu. Nilibeba nyingine, ya watafiti wa Ufaransa, ya mwaka 2021, ambayo sasa inasomeka bila malipo. Walichukua silikanti 27 waliohifadhiwa, wakayahesabu mapete membamba kwenye magamba kwa mwanga maalumu. Zamani ilidhaniwa samaki huyu huishi kama miaka ishirini. Wao walimkuta mmoja wa miaka 84, wakakadiria kwamba anaweza kukaribia mia. Jike hapevuki hadi afike miaka hamsini na kitu. Na akishika, hubeba kwa takriban miaka mitano.

Vijana waliacha kuchezea simu.

"Miaka mingapi?" Nahodha akauliza.

"Mitano."

Akamwita mkewe aliyekuwa akipaa samaki pembeni. "Mama Hapa, njoo usikie." Nikarudia. Yule mama akasimama na kisu mkononi, magamba yamemganda mikononi, akasema, "Miaka mitano, na nyinyi mnamtupa mchangani."

Nahodha akaniambia nimwandikie lile kwa herufi kubwa, libandikwe kwenye banda la mnada. Niliandika "kipindi cha ujauzito". Akalikataa. Samaki hana ujauzito, alisema, vijana watacheka. Andika anabeba watoto tumboni, hatagi. Nikaandika hivyo nyuma ya kalenda ya mwaka jana, tukaibandika kwa misumari minne: anaweza kufika miaka mia, anabeba watoto tumboni miaka mitano, ukimtoa kilindini hapati mwingine wa kumfuata haraka.

Juzi nimepita tena. Kalenda bado ipo, imeliwa na chumvi pembeni. Chini ya mwandiko wangu mtu ameandika kwa mkaa, herufi kubwa kama zangu:

NANI KASEMA?

Nikaazima kalamu kwa karani wa mnada. Nikaandika: Kélig Mahé, Bruno Ernande na Marc Herbin, jarida la Current Biology, 2021. Pembeni nikaweka anwani ya makala, herufi moja moja, na kijana mmoja aliyesimama nyuma yangu akaanza kuiingiza kwenye simu yake kabla sijamaliza mstari.